Kilima cha Kamukuzi na Maswali ya Watoto

Wahenga walisema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Maneno hayo huwafaa sana wazazi waishio mijini, ambao siku ya mapumziko ikifika hawana la kuwapa watoto wao ila ua mwembamba, redio na kelele za mtaa. Ilhali mahali pengi, kwa mwendo wa miguu na bila ya gharama, mtoto aweza kupelekwa kwenye darasa lisilo na ubao wala chaki. Kwa wakazi wa Kakoba, katika mji wa Mbarara, magharibi ya Uganda, darasa hilo liko juu ya kilima cha Kamukuzi, penye magofu ya jumba la wafalme wa Nkore.

Matembezi yenyewe ni ya mduara: mtu huondoka Kakoba na kurudi Kakoba pasipo kupita njia moja mara mbili. Yafaa kuondoka asubuhi mapema. Mbarara iko juu sana, yapata mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake zina ubaridi wa kumfaa mtoto. Lakini ifikapo saa sita jua la Ankole halina huruma. Njia huelekea magharibi, ikipita katikati ya mji penye maduka na waendesha bodaboda, kisha hupinda na kupanda Kamukuzi. Kutoka kilimani huteremka kuelekea Ruharo, penye kanisa kuu la Anglikana, ikarudi kwa hospitali kuu na Chuo Kikuu cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989, hata ikafika mto Rwizi penye daraja la barabara iendayo Isingiro. Ng'ambo ya mto huonekana kilima cha Nyamitanga na kanisa kuu la Katoliki. Toka hapo si safari ndefu tena kurudi nyumbani. Ni matembezi ya nusu siku kwa mwendo wa mtoto, pamoja na vituo vya kupumzika.

Njiani mzazi hana haja ya kunyamaza. Jina la mji peke yake ni somo: latokana na emburara, nyasi ndefu zilizokuwa zimeenea mahali hapa kabla ya nyumba za matofali. Na atakayepanda Kamukuzi akitazamia kuona ngome ya mawe ya kale, kama yale magofu ya Kilwa au Gedi, hapana budi aelezwe mapema kwamba hatayaona ya namna hiyo. Wafalme wa Nkore, walioitwa Omugabe, walijenga kwa miti, matete na nyasi, nao walihamahama pamoja na ng'ombe zao wenye pembe ndefu. Ikulu ilipohama, mchwa na mvua vilimaliza yaliyosalia. Gofu la Kamukuzi lipo kwa sababu moja tu: kwamba wafalme wa mwisho waliacha kuhama.

Aliyetulia hapo ni Omugabe Kahaya wa Pili, aliyetawala tangu mwaka 1895 hadi 1944, jirani na kituo cha maofisa wa Kiingereza. Mwaka 1901 ulitiwa sahihi mkataba uliounganisha Nkore na nchi ndogo za jirani, na nchi hiyo iliyokuzwa ikaitwa Ankole. Baada ya Kahaya alitawala Gasyonga wa Pili. Mwaka 1967 katiba mpya ya Uganda ilifuta falme zote. Gasyonga akavuliwa cheo, naye alifariki mwaka 1982 akiwa raia kama raia wengine. Jumba likakosa mwenyewe. Na nyumba isiyo na mwenyewe, hata iwe ya mfalme, haichukui muda mrefu kufanana na nyumba ya maskini: kwa miongo mingi majengo yale yaliachwa bila ya matunzo, kuta zikapasuka na nyasi zikamea palipokuwa pakifagiliwa kila siku.

Tangu mwaka 1993 serikali iliruhusu falme za jadi zirudi, na Buganda, Toro na Bunyoro zikapata watawala wao wa kimila. Ankole haikupata. Mwezi Novemba mwaka huohuo John Barigye, mwana wa Gasyonga, alitawazwa, lakini serikali haikuutambua utawazo huo, naye alifariki mwaka 2011 akiwa hajatambuliwa. Wenyeji wenyewe hawakuwa na neno moja. Katika Nkore ya zamani Bahima walikuwa wafugaji na wenye amri, na Bairu walikuwa wakulima waliopeleka mtama, pombe na kazi ya mikono yao ikulu. Katika miaka ya 1940 na 1950 Bairu waliosoma walianzisha harakati iliyoitwa Kumanyana, maana yake kujuana, ili kudai haki sawa katika shule na vyeo. Basi neno "ufalme" likitajwa Mbarara, mmoja husikia heshima ya babu yake, na jirani yake husikia mzigo uliomwinamisha babu yake mgongo.

Hapo ndipo penye kazi ya mzazi. Siku moja familia mbili za Kakoba zilipanda kilima hicho pamoja. Moja ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mwenyeji wa Ankole. Ya pili ya mama mmoja kutoka Kivu, Kongo, aliyeishi kwanza katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kisha akapanga vyumba viwili mjini. Mwana wa yule mama alizitazama zile kuta akauliza:

"Mwalimu, waliolala humu walifukuzwa na vita kama sisi?"

"La, mwanangu," akajibu mwalimu. "Hawa waliondolewa na sheria."

Mjukuu wa mwalimu akadakia, "Babu, basi sisi tulikuwa watu wa ikulu?"

Mzee alikaa kimya kidogo. Ingalikuwa rahisi kumwambia ndiyo, na mtoto angalirudi shuleni akijitapa. "Babu yangu alifika hapa, mjukuu wangu," akasema hatimaye, "lakini alifika na kikapu cha mtama kichwani. Alikiweka chini, akarudi nyumbani. Nami najivunia kile kikapu."

Yule mama akamwambia, "Mwalimu, kwetu pia iko nyumba isiyo na paa. Mimi sijawahi kuwaeleza watoto ni nani aliyeiezua, kwa kuogopa watajifunza kuchukia."

"Waeleze, mama," akasema mwalimu. "Lakini waeleze pia ni nani aliyekusaidia kuijenga."

Maneno hayo yafaa kuwekwa moyoni na kila mwenye kulea. Wako wazazi wanaodhani kwamba amani ya nyumba hulindwa kwa kunyamazia yaliyopita, na wako wengine wanaowasimulia watoto upande mmoja tu wa mambo. Wote wawili huwaachia watoto hatari. Mtoto asiyeambiwa na wazazi wake ataambiwa na wenziwe barabarani, na aliyeambiwa nusu ataishi kama mtu aonaye kwa jicho moja. Gofu ni msaada mkubwa kwa mzazi, kwa kuwa halisemi uongo: laonyesha kwamba palikuwa na enzi, na laonyesha kwamba enzi huisha.

Hata hivyo mtoto asiondoke na fikira kwamba ya kale yote yalikuwa kuonea. Nkore ilikuwa na ngoma ya kifalme iitwayo Bagyendanwa, iliyoheshimiwa kuliko mfalme mwenyewe. Ilikuwa na nyumba yake na ng'ombe zake, nayo ilihesabiwa kuwa ya watu wote, wafugaji na wakulima. Mtu aliyepatwa na msiba wa mali aliweza kuiendea na kuomba msaada kutoka katika ng'ombe hao. Kwa maneno ya leo, ilikuwa ni akiba ya umma. Falme hupita, lakini wazo la kwamba lazima pawe na mahali ambapo aliyefilisika hafukuzwi, hilo lastahili kurithiwa.

Na kuta za Kamukuzi si pekee zilizoanguka mjini humo. Baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Mbarara mwezi Februari 1979, na majengo mengi ya mji, kama yale ya Masaka, yakavunjwa kwa kulipiza kisasi. Mji unaoonekana leo umejengwa upya kwa sehemu kubwa na watu waliorudi wakakuta vifusi. Mtoto wa mkimbizi akiambiwa hayo atajua kwamba waliompokea nao walipata kukaa nje ya nyumba zao.

Kwa wenye nia ya kwenda, haya machache yazingatiwe. Kwanza, penye majengo ya zamani mgeni huomba ruhusa kwa yeyote anayemkuta hapo kabla ya kuingia. Pili, watoto wasipande kuta wala kusimama chini ya dari mbovu, na wavae viatu vilivyofunika miguu, maana kwenye nyasi huweza kuwa na nyoka. Tatu, asiokote mtu tofali wala kuandika jina lake ukutani. Gofu likichukuliwa kipande kipande litakwisha kabla wajukuu hawajaliona. Nne, wachukue maji yaliyochemshwa, karanga na ndizi za kuchemsha, na wachague siku zisizo za masika, kwani mteremko ule huteleza.

Mwishoni mwa njia, darajani, watoto waonyeshwe Rwizi. Maji hayo hutoka vilima vya Buhweju, hupita Mbarara, yakaenda zake mashariki hadi katika maziwa ya Mburo na Kachera. Na ziwa Nakivale limo katika bonde hilohilo. Kando ya ziwa hilo ndiko yaliko makazi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, ambao wengi wao hukutana katika lugha ya Kiswahili. Mwenyeji wa Kakoba achafuaye mto, au alimaye hadi ukingoni mwake, humdhuru jirani asiyemwona.

Basi mzazi asingoje fedha za safari ya mbali. Jumamosi ijayo awaamshe watoto mapema, awavishe viatu, na ajitayarishe kujibu maswali yao pasipo kuficha kikapu cha mtama.