Mlemavu wa Nyumbani Aandikishwe

Ewe mkulima wa Rapsu na wa Malka Daka, zamu yako ya maji huikosi. Je, yule mtoto wako asiyeweza kula bila kulishwa, jina lake limeandikwa wapi?

Tangu mwaka 2011 Serikali hutoa fedha kwa wenye ulemavu mkubwa, na sasa ni shilingi 2,000 kwa mwezi katika Inua Jamii. Hupokewa na anayemtunza. Si nyingi, lakini mama asiyeweza kumwacha mtoto aende kupalilia huweza kumlipa kibarua siku chache. Fedha hizo si za miraa ya baba.

Msamaha wa kodi ya mapato wawafaa wenye mishahara. Wewe shika hili kwanza. Mlemavu hupimwa na madaktari wa hospitali ya Serikali, kisha huandikishwa kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Taabu ni njia. Kumbeba mtu mzima garini mpaka Isiolo mjini ni mateso, na nauli ni ya wawili. Kwa maoni yetu yafaa madaktari waje Garba Tulla. Mwambieni chifu hivyo barazani. Atauliza walemavu ni wangapi. Basi nendeni na majina yao, hata ya wale waliofichwa ndani.