Si Kila "Take" Ni Kuchukua

Katika darasa moja nililolifundisha karibu na Kanyakine, wanafunzi walitafsiri maelezo ya dawa hivi: "Chukua kidonge kimoja asubuhi." Mgonjwa aisomaye tafsiri hiyo aweza kukichukua kidonge, akakitia mfukoni, na bado akawa ametii maagizo.

Kitenzi "take" cha Kiingereza kina maana chungu nzima. Kiswahili huzigawa: dawa tunainywa, kidonge tunakimeza, picha tunaipiga, mtihani tunaufanya, hatua ndiyo tunayoichukua. (Hili la mwisho, pamoja na "safari ilichukua saa mbili", limekwisha kuota mizizi, sina ugomvi nalo.) Nasi tunacho "kupiga": simu, pasi, kura, magoti, mbizi. Atakayetafuta neno moja la Kiingereza la kukifasiri hatalipata.

Lawama siwatupii wanafunzi. Shuleni tumewafunza vitawe kwa "panda" na "kaa", maneno ambayo maana zake hazina udugu, ilhali "piga" na "shika", ambavyo maana zake huzaana, tumeviacha. Isitoshe, aghalabu mwenye haraka hukomea kwenye kisawe cha kwanza cha kamusi. Napendekeza "kunywa dawa" ifundishwe ikiwa nzima, kama tufundishavyo "kupiga magoti".