Niachieni Kopo Langu

Wasee wa Nairobi, acheni kutucheka. Eti kokteli ya kopo ni ushamba, kinywaji ni dawa: vodka, ndimu, asali na barafu, ikichanganywa ukiona. Ni tamu zaidi, sibishi. Hata hapa Roret, katikati ya chai, asali iko na ndimu ziko sokoni. Shida ni hiyo vodka. Chupa ilijazwa na nani? Februari 2024 kule Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe yenye sumu. Kopo nalifungua mwenyewe, tss, asilimia ya kilevi imeandikwa ubavuni. Ladha ni peremende iliyoyeyuka, najua. Mkitaka tuagize glasi, kelele zenu pelekeni kwa wanaoachilia chupa feki zifike kaunta.