Repo Ikikukataa, Usiilazimishe

Wasee, leo tuongee kuhusu `git push --force`. Najua mko wengi mnaoitumia kama dawa ya kichwa: repo ikikataa tu, unameza, unaenda kulala. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka muhula uliopita nikafuta kazi ya mwenzangu ya wiki mbili kwa laini moja.

Tulikuwa wanne, projekti ya mwisho ya kozi, repo moja GitHub. Mimi nikaweka video ya maonyesho ndani ya folda, kama MB 140 hivi. Kupushi, imekataa. Na ilisema wazi kwa nini: GitHub haipokei faili moja iliyozidi MB 100. Nikaifuta video, nikafanya komiti nyingine, nikajaribu tena. Ikakataa vilevile. Si nimeshaifuta? Umeifuta kwa folda, buda, hujaifuta kwa historia. Ile komiti ya kwanza bado imebeba video, na ukipushi unapeleka komiti zote ambazo hazijafika kule, si ile ya juu peke yake.

Suluhisho lilikuwa dogo sana. `git reset --soft origin/main` inarudisha nyuma komiti ambazo hazijafika kule bila kugusa faili zako. Kwa vile video nilikuwa nimeshaitoa, ningefanya komiti moja safi, nipushi, basi. Dakika mbili.

Lakini saa nane usiku nani anasoma? Nikafuta folda ya `.git`, nikaanza repo upya, nikaiunganisha na ile ya GitHub. Ikakataa tena, safari hii kwa sababu historia yangu na ya kule hazikukutana popote. Nikaongeza `--force`. Ikakubali! Nikalala kama mtoto.

Asubuhi mwenzetu akaandika kwa grupu: "Kwani kurasa za malipo zimeenda wapi?"

Hizo kurasa sikuwa nimezivuta kwa laptopu yangu, na wale wengine wawili pia hawakuwa nazo. Yeye hana laptopu. Kazi yake yote huifanyia saiba, analipa kwa saa, na akitoka mashine inasafishwa. Nakala pekee ilikuwa kule juu, na mimi ndiye niliyeifunika.

Kilichotuokoa, aki, ni WhatsApp. Siku moja kabla alikuwa amenitumia linki ya komiti yake ya mwisho ili nimwangalizie kitu (sikuwa nimeangalia). Linki bado ilifunguka, maana GitHub haitupi komiti papo hapo; inabaki ikielea bila tawi. Tukachukua ile namba yake ndefu ya herufi na tarakimu 40, tukaiweka mbele ya `git fetch origin`, tukaifungulia tawi jipya. Kazi ikarudi yote. Bila hiyo linki sijui ningemwangalia vipi darasani.

Sasa kuna msee alisema ni makosa yake, angeweka nakala nyingine. Aiweke wapi? Kwa simu iliyojaa? Sisi wenye laptopu tunaona repo ni mahali pa kupeleka kazi ikishaisha. Kwa mtu wa saiba, repo ndiyo laptopu. Ukilazimisha, unaingia kwa mashine yake na kufuta.

Ukibanwa kabisa, na ni tawi lako mwenyewe, tumia `--force-with-lease`. Hiyo huangalia kama kule kuna kitu hujakiona. Ingenigomea usiku ule, maana sikuwa nimevuta chochote.

Sai tawi letu kuu limefungwa. Hakuna kulazimisha, na kila badiliko linapitia kwa huyo mwenzetu kwanza. Jana amenirudishia yangu mara mbili. Nimenyamaza, nikarekebisha.