Mtoto Aujue Mwili Wake Kabla Hajajua Kusoma

Mwezi huu tuzungumze juu ya somo ambalo wengi wetu huliachia shule, nalo ni kumfundisha mtoto mdogo juu ya mwili wake na chakula kinachoujenga. Ninaposema mtoto mdogo nina maana ya yule wa miaka mitatu hadi saba, ambaye bado anazunguka miguuni petu jikoni na kuuliza maswali yasiyokwisha. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

Huenda dada mmoja akauliza, "Mtoto wa miaka minne atafahamu nini habari za moyo na damu? Si nimpe tu chakula ale?" Nina sababu mbili za kumjibu.

Ya kwanza, sisi wauguzi tunapomuuliza mtoto mdogo anaumwa wapi, mara nyingi hujibu, "Tumbo." Mwenye koo linalouma husema tumbo, mwenye homa husema tumbo, hata mwenye sikio linalotoa usaha husema tumbo. Mtoto anayejua kutaja sehemu za mwili wake humsaidia mama na mganga kulijua tatizo mapema.

Ya pili ni nzito zaidi. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Na mikoa iliyoongoza si ya njaa. Iringa ilikuwa na watoto wapatao 57 katika kila 100, Njombe na Rukwa karibu 50. Hiyo ni mikoa ya mahindi, viazi, maharage na maziwa! Magunia yamejaa ghalani, na mtoto hakui. Kudumaa huko huanza mapema, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na mtoto aliyedumaa hupungukiwa kimo na pia uwezo wa kujifunza.

Sasa fikirini, akina mama. Tunapokuwa shambani au sokoni, ni nani anayemshika mtoto wa mwaka mmoja na kumlisha uji? Mara nyingi ni dada yake au kaka yake wa miaka sita au saba. Basi tukimfundisha huyo mkubwa, tunamlisha na mdogo wake.

TUANZE NA MWILI

Somo hili halihitaji kitabu. Katika darasa letu la Shule ya Jumapili huwa tunamlaza mtoto mmoja chini kwenye udongo laini, na wenzake wanachora kwa kijiti kumzunguka. Akiinuka, umbo lake linabaki. Kisha tunaweka vitu ndani yake: jiwe kifuani kuwa moyo, majani mawili makubwa kuwa mapafu, kamba ndefu tumboni kuwa utumbo. Watoto hushangaa sana wakiambiwa kuwa utumbo mwembamba wa mtu mzima ukinyooshwa hufikia kama mita sita. Wapimieni kamba hiyo uani, waitembee kutoka mwanzo hadi mwisho.

Moyo ni somo wanalolipenda kuliko yote. Mwambie mtoto akunje ngumi. Moyo wake una ukubwa kama wa ngumi hiyo. Kisha aweke sikio kifuani pako asikilize. Mwambie aruke mara ishirini, halafu aweke mkono kifuani pake mwenyewe. Hapo atafahamu bila maneno mengi kwamba moyo ni pampu inayosukuma damu, na kwamba mwili ukifanya kazi unahitaji damu zaidi. Na damu hutengenezwa kwa nini? Hapo ndipo mnapoingia jikoni.

Kabla hatujaingia, niseme neno moja juu ya sehemu za siri. Wengi wetu tuliambiwa "huko" au tukapewa jina la mchezo. Mtoto afundishwe jina la heshima analoweza kulitaja mbele ya mama, bibi au muuguzi bila kuona haya. Aambiwe kwamba sehemu hizo ni zake, hapana mtu mwingine wa kuzishika ila mama au anayemwogesha, au mganga mbele ya mama, na kwamba mtu akimgusa na kumwambia "usimwambie mama", basi hilo ndilo jambo la kumwambia mama upesi. Wanaowadhuru watoto mara nyingi ni watu wanaojulikana nyumbani. Mtoto asiye na jina la kutaja hana namna ya kushitaki.

KAZI TATU ZA CHAKULA

Wataalamu wa lishe siku hizi wanagawa vyakula katika makundi mengi, na ni vizuri mama ayajue. Lakini kwa mtoto mdogo zile kazi tatu tulizojifunza shuleni bado zinatosha: chakula cha kutia nguvu, chakula cha kujenga mwili, na chakula cha kulinda mwili. Mfananishie na nyumba. Ugali, wali, viazi na ndizi ni kuni za jikoni. Bila hizo hakuna moto. Maharage, dagaa, mayai, maziwa, karanga na nyama ni matofali. Mboga za majani na matunda ni mlango na komeo la kuzuia mwizi, yaani ugonjwa.

Kisha kila mlo muulize, "Leo tuna kuni? Tuna matofali? Tuna komeo?" Baada ya wiki moja atakuuliza yeye. Nawaonya, mtawaonea haya watoto wenu siku mtakapopakua ugali na chumvi! Mara nyingi, hata hivyo, kinachokosekana hakihitaji fedha nyingi. Konzi ya dagaa au ya karanga ndani ya mboga inatosha kubadili sahani.

DAMU

Utafiti ule ule wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Mfundishe mtoto kutazama viganja vyake na vyako juani, na wewe utazame ndani ya kope lake la chini. Ukiona weupe usio wa kawaida, usingoje, mpeleke zahanati akapimwe, maana malaria na minyoo navyo humaliza damu.

Madini ya chuma yanayotengeneza damu yamo kwa wingi katika maini, nyama na dagaa, na yamo pia katika maharage na mboga za majani. Yale ya kwenye maharage na mboga huingia mwilini kwa shida kidogo, lakini chungwa, embe, pera au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga huyasaidia kuingia. Chai hufanya kinyume chake. Tukimpa mtoto maharage pamoja na kikombe cha chai, chai inazuia sehemu kubwa ya chuma isiingie. Basi chai ikae mbali na mlo, au mtoto anywe maji tu. Mtoto wa miaka mitano anaweza kupewa kazi ya kukamua ndimu. Mwambie, "Wewe ndiye unayetuwekea damu leo," nawe utaona atakavyokula mboga hiyo.

Mboga za majani, karoti, boga, papai, embe bivu na viazi lishe vya rangi ya chungwa vina vitamini A, inayolinda macho na kupigana na maradhi. Vitamini hiyo huhitaji mafuta kidogo ili iingie mwilini, kwa hiyo mchicha upikwe na kijiko cha mafuta au karanga zilizopondwa, tena usichemshwe mpaka ukapoteza rangi. Na msisahau matone ya vitamini A ambayo watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa kila baada ya miezi sita.

TUMBO NI DOGO

Hili dada mkubwa anayemlisha mdogo wake alijue vizuri. Tumbo la mtoto ni dogo, hujaa upesi na kuisha upesi. Uji mwepesi kama maji humjaza bila kumjenga. Mwonyeshe kwa kijiko: uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita ukiuinamisha kwenye kijiko usimwagike kama maji, bali udondoke polepole. Kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Baada ya hapo chakula huongezwa na kunyonya kunaendelea hadi miaka miwili au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja mtoto ale mara tatu au nne kwa siku, na katikati apewe kitu kidogo kama ndizi mbivu au kipande cha parachichi.

Neno juu ya unga wa "lishe". Tumezoea kusaga pamoja mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, soya na karanga tukidhani wingi wa aina ndio ubora. Lakini mahindi, mchele na ngano zote zinafanya kazi ile ile ya kuni. Tena karanga zikisagwa pamoja na nafaka, unga huharibika upesi. Afadhali usage nafaka moja au mbili safi, kisha uongeze karanga zilizopondwa, maziwa au yai wakati wa kupika. Karanga au mahindi yenye ukungu yasiliwe wala yasipewe kuku. Sumukuvu haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kazi ya kuchambua karanga mbovu ni nzuri kwa mtoto mwenye macho makali, mradi umwangalie asizile na anawe mikono akimaliza.

MENO NA MIKONO

Mtoto ahesabu meno yake mbele ya kioo. Ya utotoni ni 20, ya ukubwani ni 32. Kuna jambo akina mama wengi hawalijui. Mtoto akifika kama miaka sita, huota magego mapya nyuma ya meno yote ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Kwa sababu hakuna lililong'oka, tunadhani nayo ni ya utotoni na kuyaacha yaoze. Hayo ni ya kudumu, yakitoka hayaoti mengine. Mswaki asubuhi na kabla ya kulala, wenye dawa yenye floridi kidogo kama punje ya njegere, na mama ausimamie. Soda ya mililita 300 mara nyingi ina sukari zaidi ya vijiko saba vya chai. Vipime kwenye sahani mtoto akiona, usiongeze neno.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, na viatu vivaliwe, kwa maana kuna minyoo iingiayo kwa ngozi ya mguu na kunyonya damu. Damu tuliyoitafuta kwa dagaa na ndimu, mnyoo asituibie.

MEZANI KWETU

Akina mama, mtoto hujifunza zaidi kwa kuona tunavyopakua. Katika nyumba nyingi baba hupewa nyama, wageni hupewa nyama, mtoto hupewa mchuzi. Mchuzi una ladha, lakini matofali yamebaki kwenye sahani ya baba. Si kwamba namwondolea baba heshima yake. Zungumza naye kwa upole mkiwa wawili, mwambie yale uliyosikia kliniki. Wanaume wengi wakijua sababu hukata wenyewe kipande na kumpa mtoto. Na mama mjamzito asijisahau, asile mwisho makombo yaliyobaki.

Hivyo hivyo kwa yai. Baadhi ya bibi zetu walisema mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Ukiishi na mama mkwe mwenye imani hiyo, usibishane naye mbele ya mtoto. Mwombe mwende naye kliniki, asikie kwa muuguzi na aone mstari wa uzito kwenye kadi ya mjukuu wake. Kadi hiyo imewabadilisha bibi wengi kuliko maneno ya mkwe.

Mwisho, tusimlazimishe mtoto kwa fimbo amalize sahani, wala tusimhonge pipi ili ale mboga, maana hapo tunamfundisha kuwa mboga ni adhabu na pipi ni zawadi. Tusimcheke aliye mnene wala aliye mwembamba. Mwili aliopewa ni wa kuheshimiwa, naye aliyeufundishwa vema atauheshimu na wa mwenzake.

KAZI YA MWEZI HUU

Chukueni kopo lililotoboka, jazeni udongo na samadi, mpeni mtoto mbegu za mchicha. Amwagilie mwenyewe. Baada ya wiki tatu au nne atachuma, mtapika kwa karanga, atakamua ndimu. Mlo huo ampakulie mdogo wake kwanza, huku akimtajia kuni, matofali na komeo. Tuonane mwezi ujao, tukijaliwa.