Kigugumizi Si cha Kiswahili

Wako wataalamu wasemao kwamba Kiswahili chafaa kwa mashairi, mahubiri na siasa, lakini kikikabiliwa na chombo cha umeme hushikwa na kigugumizi. Neno hili husemwa kwa upole, na kwa sababu hiyo hudhuru zaidi. Nitalipima kwa jambo dogo la hapa Nyegezi.

Mwanafunzi mmoja alikuwa na zamu ya kusoma insha yake katika semina iliyofanyika kwa intaneti. Hedifoni zake zisizo na waya zilikataa kuungana na kompyuta yake mpakato. Maelezo yaliyokuja nazo yalikuwa ya Kiingereza na Kichina, na wenzake wakamwambia chombo kimekufa. Zamu yake ikapita naye kimya. Kesho yake alipanda daladala kwenda mjini kununua nyingine. Kumbe zile za kwanza zilikuwa nzima; zilikuwa zimeungana na simu iliyokuwa mfukoni mwake.

Sasa na tuijaribu lugha inayodaiwa kuwa na kigugumizi. Hedifoni na kompyuta husemezana kwa mawimbi ya redio, kwa utaratibu uitwao Bluetooth, ambao jina lake latokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Kwanza betri ijazwe umeme, na Bluetooth ya simu izimwe, maana aghalabu hedifoni hukirudia chombo zilichokizoea. Kama haikutosha, vyombo viwili hivi vijuane upya: kumbukumbu ya hedifoni ifutwe katika kompyuta, kisha kitufe cha hedifoni kibonyezwe mpaka taa imemeteke, na kompyuta izitafute tena. Sauti ikikatikakatika, yamkini ni msongamano: mawimbi hayo hupita karibu na gigahezi 2.4, njia itumiwayo pia na Wi-Fi na majiko ya maikrowevu. Tena mwili wa mtu, kwa maji yaliyomo, huyameza. Na muziki ukififia ghafula kipaza sauti kinapofunguliwa, hakuna kilichovunjika. Njia ya kusikiliza tu hubeba sauti pana. Njia ya kusema na kusikiliza kwa pamoja hubeba sauti nyembamba. Ndiyo sababu katika baadhi ya kompyuta jina la hedifoni huonekana mara mbili: moja ni la muziki, jingine la mazungumzo.

Ni sentensi ipi hapo iliyokwama? Mpinzani atajibu kwamba Bluetooth na gigahezi si maneno yetu. Shule lilitoka Ujerumani, meza Ureno, na kitabu Uarabuni. Hakuna aombaye radhi ayatamkapo. Wala asidai kwamba jambo hili halijajaribiwa: mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilichopungua si maneno. Imepungua desturi ya waliosoma kuandika wanayoyajua.

Lawama hii yatuhusu sana sisi wa Nyegezi. Mafunzo yalianzishwa hapa mwaka 1960, na mwaka 1998 pakawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, mahali panapofundishwa uandishi wa habari, yaani kazi ya kueleza mambo yaeleweke. Mwaka huohuo wa 1998 kampuni tano ziliunda umoja wa kuisimamia Bluetooth. Chuo na chombo ni wa rika moja, na hukaa chumba kimoja kila usiku. Bado hatujawakutanisha kwa lugha ya nyumbani.

Husemwa kuuliza si ujinga. Lakini mtu akiuliza, akajibiwa kwa lugha asiyoielewa, ujinga ni wa nani? Basi kila aliyefaulu kuunganisha hedifoni zake aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili safi, aubandike ubaoni. Utamgharimu nusu saa. Yule mwanafunzi ulimgharimu sauti yake.