Mashine ya Boti Ikipoteza Nguvu, Usikimbilie Kuiuza



Leo siongelei chakula wala vifaranga. Naongelea mashine ya boti, kwa sababu kila ninapopita kwenye mialo yetu ya Ziwa Victoria nakutana na maneno yaleyale: "Bwana Samaki, mashine imezeeka, haina nguvu tena. Tunataka tuiuze, tuongezee mkopo, tuchukue mpya." Wanaosema hivyo ni vijana wenye vizimba viwili vitatu, marejesho ya benki yako shingoni, na samaki bado miezi kadhaa kabla ya kuvuna.

Msimamo wangu nausema mapema. Mashine nyingi za zamani zinazohukumiwa kwamba zimechoka, hazijachoka. Zina njaa, zina kiu, au zimebebeshwa mzigo usio wao. Njaa ni mafuta yasiyofika vizuri, kiu ni maji ya kupooza yasiyopita, na mzigo mnaujua. Kuchoka kwenyewe ni jambo la nne, na linapimwa. Yote haya unaweza kuyachunguza kwa asubuhi moja kabla hujatoa shilingi.

Fikiria unavyofanya samaki wakigoma kula. Humwagi kizimba kizima siku hiyohiyo. Unaangalia maji, unaangalia oksijeni, unaangalia chakula kama kimepata ukungu, ndipo unaangalia ugonjwa. Unaanza na la rahisi na la bei ndogo. Sasa kwa nini mashine, ambayo bei yake ni sawa na mifuko mingi ya chakula, tunaihukumu kwa kuisikiliza tu?

Na jambo lenyewe si dogo. Boti ndiyo inayopeleka chakula, ndiyo inayomtoa mlinzi usiku, na ndiyo inayokuwahisha kizimbani siku maji yanapogeuka na oksijeni kushuka. Mashine ikifa katikati ya ziwa mchana upepo umeanza, hapo si hasara ya samaki tena, ni maisha ya watu.

Kabla ya kushika spana, jibu maswali mawili. Nguvu inapotea tangu unapoondoka mwaloni, au baada ya dakika kumi hivi? Na inapopotea, mashine inazidi kulia bila boti kwenda, au inalemewa na mlio unashuka? Majibu hayo mawili yanakuondolea nusu ya kazi. Inayoanza vizuri halafu ikachoka njiani, mara nyingi ni mafuta au joto. Inayolia sana bila kusukuma, angalia propela. Nzito tangu mwanzo, angalia moto wa plagi, waya wa mafuta au mzigo.

Tuanze na njaa. Azima tenki la jirani ambaye mashine yake inakwenda vizuri, pamoja na mpira wake wa mafuta, ukihakikisha kiunganishi kinaingia kwenye mashine yako na mchanganyiko wake wa oili unafanana na wako. Funga, nenda safari yako ya kawaida. Nguvu ikirudi, ugonjwa uko kwenye tenki lako, mpira wako au petroli yako, na hakuna sababu ya fundi kugusa kabureta. Jaribio hili halina gharama na linajibu mambo matatu kwa mpigo, lakini ndilo watu hawalifanyi.

Ukirudi kwenye tenki lako, fungua kwanza tundu la hewa la kifuniko. Likiwa limefungwa au limeziba, petroli inatoka vizuri mwanzoni, halafu tenki linavuta hewa kwa ndani na mafuta yanakataa kuja. Kisha tazama ile pampu ya mpira ya kuminya kwa mkono. Mshale wake uelekee kwenye mashine. Ikinywea na kubaki bapa wakati mashine inakwenda, kuna kizuizi nyuma yake, upande wa tenki. Kama nguvu inapotea, na ukiiminya kwa mkono nguvu inarudi, basi ama kuna hewa inaingia kwenye viungo vya mpira, ama pampu ya mafuta ya mashine yenyewe imedhoofika. Utando wake ni kipuri kidogo, si mashine mpya.

Halafu chota petroli kutoka chini ya tenki, weka kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na utayaona. Madumu yetu yanashinda juani, yanapigwa mvua, yanafungwa na kipande cha nailoni, halafu tunashangaa maji yameingiaje.

Kwenye oili, fuata kitabu cha mashine yako. Mashine nyingi za zamani za kuchanganya zinataka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa lita 20. Ile tabia ya kuongeza kidogo "ili ilainike" inachafua plagi, na kupunguza ili kubana matumizi kunaua pistoni.

Sasa plagi. Kimbiza boti kwa mzigo wa kawaida, zima ukiwa sehemu salama, acha mashine ipoe kidogo, toa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Moja ikiwa imelowa na nyingine kavu, ile iliyolowa haichomi, na mashine ya silinda mbili hapo inakwenda kwa mguu mmoja. Badilishana plagi hizo kati ya silinda na urudie safari. Ugonjwa ukihama na plagi, nunua plagi. Ukibaki kwenye silinda ileile, tafuta kwenye koili, waya wake au kabureta ya silinda hiyo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi anayebadilisha plagi, koili na kabureta siku moja anaweza kukuponyea mashine, lakini hakuna atakayejua ilikuwa inaumwa nini, na umelipia vipuri vitatu.

Ukiwa hapohapo, mashine ikiwa imezimwa, mwambie mwenzako afungue mafuta hadi mwisho, wewe tazama kama kipepeo cha kabureta kinafunguka chote. Waya uliolegea unaweza kukuachia robo tatu tu ya nguvu ukadhani ni uzee.

Kiu nayo ina dalili yake. Mashine lazima ikojoe, mkondo wa maji utoke kwa nguvu. Mkondo ukiwa dhaifu au umekatika, zima. Ng'oa magugu maji na mifuko ya nailoni kwenye matundu ya kuvutia maji, zibua kitundu cha kutolea kwa waya mwembamba, na kama bado, impela ya pampu ya maji imekwisha. Ni ya mpira, inakufa haraka zaidi kwenye maji ya kina kifupi yenye mchanga. Mashine iliyopata joto kupita kiasi hupoteza nguvu, na nyingine zimetengenezwa zijipunguze zenyewe ili zisiungue. Ukilazimisha safari hapo, ndipo unaitengenezea uzee wa kweli.

Upande wa mzigo, anza na propela. Katikati yake kuna mpira unaoshika ekseli. Ukiteleza, mashine inalia na boti haiendi. Piga mstari mmoja wa rangi kuanzia kwenye kitovu cha ndani kuvuka mpira hadi sehemu ya nje, kisha nenda safari. Mistari ikiachana, mpira umekwisha. Vua propela pia uangalie nyuzi za nyavu zilizojizungusha nyuma yake, maana zinakata sili, na maji yanaingia kwenye gia. Oili ya gia ikiwa nyeupe kama tui, usisubiri. Boti ya mbao nayo inanyonya maji mwaka hadi mwaka na kuota majani chini. Uzito huo mashine inausukuma kila siku bila wewe kuuhesabu.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa mashine za mitumba hawatakuambia. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na mashine ya kabureta hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Kwa hiyo mashine iliyokuwa inakimbia Dar es Salaam au Tanga, ukiileta Mwanza, itakuwa pungufu kwa kama asilimia 10 ikiwa mzima wa afya. Hiyo haiponi kwa fundi kufungua silinda. Mara nyingi dawa ni propela yenye mkunjo mdogo zaidi, na jeti za kabureta kurekebishwa kwa mwinuko huu. Na kama mashine imetoka baharini, chumvi iliyoganda kwenye njia za maji ya kupooza inaweza kuwa ndiyo kiu yenyewe.

Haya yote yakishapita, ndipo upime uzee. Fundi mwenye geji ya kompresheni atoe plagi zote, afungue mafuta hadi mwisho, avute kamba mara kadhaa kwa kila silinda. Cha kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zikiwa karibu sawa na hazijashuka chini ya kipimo cha kitabu, mashine hiyo bado ina kazi. Moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya asilimia 15, ringi au silinda zina tatizo, na hapo piga hesabu: gharama ya kuifufua dhidi ya mashine nyingine. Ikishindikana, iuze. Sisemi mashine haifi. Nasema isizikwe bila kupimwa.

Najua kuna watakaosema muda ni pesa na fundi yupo. Mafundi wazuri tunao na ninawaheshimu, lakini fundi anafanya kazi kwa maelezo unayompa. Ukimwambia "haina nguvu", atafungua anapopafahamu. Ukimwambia "inapoteza nguvu baada ya dakika kumi, nikiminya pampu inarudi, plagi zote ni kahawia", umemwonyesha mlango, na bili yako inaonyesha hivyo.

Ombi langu la mwisho ni daftari. Mnaandika kilo za chakula na uzito wa samaki kila wiki, vizuri sana. Ongezeni mstari mmoja wa boti: lita za petroli, mifuko iliyobebwa, dakika kutoka mwaloni hadi kizimbani. Safari ya dakika 20 ikianza kuwa 25 kwa mzigo uleule na ziwa limetulia, mtajua wiki hiyo, si siku mashine itakapozima.

Mnapojaribu, vaeni majaketi ya kuokolea, fungeni kamba ya kuzimia mashine mkononi, wekeni kasia ndani ya boti, na msiwashe moto wala sigara karibu na petroli. Msiwashe mashine nchi kavu bila maji. Kazi njema.